Sifa za Kifaru

Kompyuta ya nne ilikata mtandao Mkuu wa chuo akiwa amesimama nyuma yake kabisa, na ya saba ikafuata kabla hajamaliza kuuliza kulikoni. Lilikuwa zoezi tu, mtihani wenyewe ulikuwa kesho, lakini wanafunzi walianza kunong'onezana na mmoja akaguna. Mhazili wa chuo, ambaye ndiye aliyeleta habari ya mashine zile, akajichekesha kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

"Kulikoni?" Mkuu aliuliza tena.

"Ni mambo madogo, Mkuu. Mashine mpya zina tabia zake. Fundi anakuja sasa hivi."

"Fundi ndiye mumeo?"

"Ndiye."

"Maana mimi sikumwita," alisema Mkuu, wala hakupunguza sauti. "Wewe ulisimama ofisini kwangu, mkono kifuani, ukaniambia, 'Mkuu, huyu namdhamini mimi.' Sasa sikiliza. Kesho na keshokutwa watoto hawa wanafanya mtihani wa kupiga chapa, na msimamizi anatoka baraza la mitihani. Kazi zao zisipofika kwenye seva, baraza linatufungia kituo. Likitufungia, mimi sina chuo, na wewe huna kazi. Nadhani tumeelewana."

"Tumeelewana, Mkuu."

Wanafunzi walisikia kila neno. Hawa ndio waliokuwa wakimwamkia kila asubuhi ngazini, na sasa walikuwa wakimtazama kwa ile huruma ya vijana ambayo ni nusu ya dharau. Mhazili akaenda kufungua dirisha ambalo tayari lilikuwa wazi. Chuo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda mpaka humo ndani siku zote.

Fundi alifika na begi lake mgongoni na hasira zake usoni, maana simu ya mkewe ilimkuta katikati ya ubishi. Heri jambo hili lisemwe mapema, msomaji asije akamhurumia mtu huyu kabla ya wakati: alikuwa mgonjwa wa sifa, na wala si sifa zake mwenyewe, bali za kampuni inayotengeneza bodi za kompyuta. Bodi ndiyo ile sahani ya ndani ambayo kila kitu huchomekwa juu yake. Ikiwa mbovu, kompyuta nzima ni boksi tu. Kampuni aliyoipenda yeye huweka picha ya kifaru kwenye maboksi yake, kwa hiyo wateja wanaiita Kifaru. Wapo watu wanaopenda timu ya mpira namna hiyo, lakini hao angalau wanakubali kwamba timu inaweza kufungwa.

Alikuwa na kundi lake la simu, watu wengi, wote watumiaji wa Linux, ule mfumo wa kompyuta usiolipiwa leseni. Watu hao wana kilio chao cha haki. Watengenezaji wengi wa bodi huwafikiria wenye Windows tu, na mtu wa Linux akinunua bila kuuliza anaweza kujikuta hana sauti, hana mtandao, na hana wa kumlilia. Kwa hiyo huulizana. Ipi inakubali? Ipi inasumbua? Nani ana bodi iliyodumu? Na kundini humo neno la mwisho lilikuwa la Fundi. Walimwita Jaji. Jaji akisema Kifaru, watu walinunua Kifaru, na aliyelalamika aliambiwa akajifunze kusoma maelekezo.

Mashine za chuo alikuwa ameziunda yeye, kwa bodi za Kifaru na mfumo wa Linux. Alipiga goti, akafungua ya nne, akachungulia. Pembeni mwa bodi, kwa maandishi madogo kuliko ya kwenye vidonge, paliandikwa kwamba hilo ni toleo la pili. Chipu ya mtandao haikuwa ile aliyoijua. Boksi lilelile, picha ileile, jina lilelile, lakini ndani wamebadilisha. Akarudisha kifuniko haraka.

"Umeona nini?" mkewe alimwuliza.

"Vumbi."

"Vumbi? Mashine hazijamaliza mwezi!"

"Vumbi halina kalenda," alisema, akachukua kabatini bodi moja ya akiba, akaitia begini na kuondoka bila kumuaga Mkuu.

*

Kwa wakala wa Kifaru kulikuwa na kiyoyozi, viti vya chuma na kifaru wa plastiki mwenye urefu wa mtoto. Fundi alipanga foleni. Alikuwa amejiandaa kusalimiana na watu wanaomjua, kwa sababu mtu anayekusifia miaka yote unapaswa kumjua. Binti wa kaunta hakumjua.

"Tatizo?"

"Mtandao unakatika. Ukishakatika haurudi hata ukiwasha upya, mpaka uchomoe waya wa umeme kabisa."

"Mmeweka mfumo gani?"

"Linux."

Binti akaacha kuandika. "Basi hiyo haituhusu."

"Haiwahusu kivipi? Bodi si yenu?"

"Bodi yetu, mfumo wenu. Weka Windows. Ikikatika kwenye Windows ilete, tutaipokea. Kwa Linux waranti haipo."

"Toleo la kwanza lilikuwa halina shida na Linux. Hili mmebadilisha chipu, mbona boksi hamkubadilisha?"

"Mzee, mimi nauza boksi, sitengenezi."

Mtu aliyekuwa nyuma yake akacheka. Fundi akatoa simu. Alimwonyesha binti yale aliyoyaandika kundini: Kifaru hakuna mfano, Kifaru nunua ufumbe macho, Kifaru ndio pekee wanaotujali. "Soma," alisema. "Watu wangapi wamekuja hapa kwa mdomo wangu? Sijawahi kuomba hata kalenda ya ukutani."

Binti aliyapitia kwa ncha ya kidole, kwa adabu, kama anavyopitia matangazo. "Asante sana kwa kutupenda, mzee," alisema. "Anayefuata!"

Alitoka na bodi yake mkononi. Kwenye ngazi za nje alifungua kundi. Alipotoka chuoni asubuhi ile alikuwa ameuliza swali kwa ujanja, akaandika kwamba ana rafiki yake ambaye bodi zake za toleo la pili zinakata mtandao, ila bila shaka rafiki huyo hajui kuziweka. Jibu lilikuwa limeingia. Lilitoka kwa mtu aliyejiita Chumvi, yule yule aliyelalamikia toleo hilo miezi michache nyuma akataniwa mpaka akanyamaza.

"Mwambie rafiki yako hana kosa," Chumvi aliandika. "Chipu hiyo haipatani na Linux. Ikilala haiamki. Nilisema hapa nikachekwa. Dawa ni ndogo: anunue kadi za mtandao za pembeni, achomeke juu ya bodi, aachane na tundu la Kifaru. Ni rahisi na zimejaa madukani."

Chini yake mtu mwingine aliongeza: "Mradi rafiki huyo asiwe anavaa viatu vya Jaji." Kundi zima lilikuwa limecheka.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la vifaa vya kompyuta. Kadi hizo zilining'inia dirishani, zimewekwa kwenye vifuko, na Fundi aliziona kwa macho yake mawili. Nauli ya nyumbani ikibaki, fedha mfukoni ilitosha kununua za mashine zote. Lakini kununua kadi ya pembeni kwa ajili ya Kifaru kulikuwa sawa na kuandika kwa mkono wake kwamba Chumvi alisema kweli. Akasimama pale pale, akajibu: "Kifaru hawekewi mkongojo. Natoka kwa wakala sasa hivi, wamenipokea vizuri mno. Chumvi akajifunze kusoma."

Kisha akapita mbele ya duka lile bila kugeuza shingo. Hapo ndipo alipomuuza mkewe, barabarani, mchana kweupe, na hakuna aliyemlazimisha.

*

Nyumbani walikaa watatu mezani: Fundi, mkewe, na mama yake Fundi ambaye alihamia kwao macho yalipoanza kumsumbua. Bibi huyo alikuwa akichambua maharage kwa vidole, kwa kuwa macho hayakumsaidia tena, na masikio yake yalikuwa yamechukua zamu ya macho.

"Wakala kasema nini?" mke aliuliza.

"Wamenipokea vizuri."

"Watazibadilisha?"

"Hakuna haja. Nitaandika amri ya kuizuia chipu isilale. Kesho asubuhi naiweka kwenye mashine zote. Ikitokea moja imekaidi, chomoa waya wa umeme, subiri taa ya nyuma izimike, chomeka tena. Mtahiniwa ataendelea pale alipoishia, maana mashine inahifadhi kila mstari."

"Nichomoe mimi?"

"Mimi chumba cha mtihani siruhusiwi. Wewe ni mfanyakazi wa chuo."

"Baba watoto, hakuna njia nyingine? Kitu cha kununua, cha kuazima, cha kumwuliza mtu?"

"Hakuna."

Bibi akaacha maharage. "Mwanangu, kompyuta sizijui, lakini wewe nakujua tangu hujaota meno. Ukijibu neno moja, una jambo."

"Mama, haya hayakuhusu."

"Hayanihusu, sawa. Ila mshahara wa mkwe wangu ndio unaonipeleka kwa daktari wa macho. Wa kwako unajenga kifaru."

"Kazi yake iko salama!" Fundi aligonga meza, maharage yakaruka. "Hizo bodi ndizo bora. Dunia nzima inajua!"

"Mimi sikuolewa na dunia nzima," alisema mkewe. Akainama kuokota maharage sakafuni, na hakuna aliyemsaidia.

*

Amri ya Fundi ilisaidia kidogo, na kidogo hicho ndicho kibaya, kwa sababu kilimpa mwandishi wake kiburi. Mtihani ulianza vizuri. Chumba kilijaa mlio wa vidole, msimamizi wa baraza akawa anatembea polepole kati ya safu, mikono mgongoni, na Mhazili alisimama ukutani akiomba kimoyomoyo. Kisha mtahiniwa wa dirishani akanyoosha mkono. Mtandao ulikuwa umekatika.

Mhazili alikwenda. Soketi zilikuwa chini, ukutani, nyuma ya miguu ya meza, kwa hiyo ilibidi apige magoti, kisha mikono, kisha atambae. Sketi yake ya kazini haikushonwa kwa kutambaa. Akachomoa, akasubiri taa izimike, akachomeka, akarudi kinyumenyume. Hajajifuta vumbi, mkono mwingine ukanyooshwa. Huyu alikuwa safu ya kati, na ili kufika soketi ilimbidi apite kati ya miguu ya wasichana wawili. Mmoja akavuta viatu vyake kwa adabu. Wa pili alicheka puani.

"Samahani," alisema msimamizi, wote wakisikia. "Huyu mama anatafuta nini chini ya meza za watahiniwa?"

"Ni mhazili wetu," alijibu Mkuu. "Anashughulikia umeme."

"Chuo hakina fundi?"

"Kinaye," alisema Mkuu, akimtazama mwanamke aliyekuwa sakafuni. "Ndiye aliyemleta."

Ilikuwa hivyo siku nzima. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyokwaruzika, na kufika mchana soksi zake ndefu zilikuwa zimechanika na goti la kulia linavuja damu kidogo. Alijifunza kutambua kutoka chini mashine iliyokufa, kwa taa ya kijani iliyoacha kupepesa, na akawa anaiwahi kabla mkono haujanyooshwa. Wanafunzi wakaacha kucheka, na hilo likamuumiza zaidi. Fundi alikuwa amekaa ofisini kando ya seva, kwenye kiti chenye mto, akinywa chai ya chuo na kuangalia kazi zikiingia. Zote ziliingia. Hakuna mtahiniwa aliyepoteza hata mstari mmoja.

Jioni msimamizi alifunga bahasha zake, akamgeukia Mkuu. "Leo nimevumilia kwa sababu kazi zimefika. Kesho nikimwona mtu chini ya meza, nasimamisha mtihani na naandika ripoti."

Mkuu aliposhuka ngazi alipita karibu na Mhazili, akasimama kidogo. "Umesikia," alisema. "Mimi sina la kuongeza."

*

Mke alikuta mumewe ametangulia nyumbani na amefurahi. Alikuwa mezani, simu mkononi, viatu amevua.

"Umeona?" alisema. "Mashine zote, siku nzima, hata kazi moja haikupotea! Nimewaandikia. Nimemwambia Chumvi aje hadharani aseme tena."

Mkewe alikaa polepole, mguu mmoja ameunyoosha. "Msimamizi kasema kesho hataki mtu chini ya meza."

"Amri nitaiboresha. Usiwe na wasiwasi. Ila hawa wabishi wanataka ushahidi, wanasema Jaji anajisifia mwenyewe. Nimekuingiza kundini. Wewe ndiye mtumiaji, wewe ndiye mteja. Andika neno moja tu: zilifanya kazi siku nzima."

"Niandike mimi?"

"Wewe si mpiga chapa? Andika!"

Simu ya mke ilikuwa imeshalia. Aliifungua. Kundi lile lilikuwa la namna ambayo mtu mpya anaweza kuona yaliyoandikwa nyuma, na yeye kazi yake ya kila siku ni kusoma kwa haraka. Alianza na majigambo ya mumewe ya jioni ile: siku nzima ya mtihani, Kifaru toleo la pili, Linux, hakuna kazi iliyopotea, waliosema wako wapi. Akapanda juu. Akasoma vicheko. Akakuta habari ya mkongojo, akairudia. Akakuta maneno ya Chumvi: kadi za pembeni, rahisi, zimejaa madukani. Akaangalia siku. Ilikuwa jana, kabla ya ile meza ya maharage, kabla hajauliza kama kuna kitu cha kununua na akajibiwa hakuna.

"Baba watoto," alisema. "Ulijua?"

"Nilijua nini?"

"Kadi."

Fundi alikohoa. "Hayo ni mambo ya kitaalamu. Kadi ni kuzunguka tatizo, si kulitatua."

"Nimetambaa kutwa nzima!"

"Na mtihani umefanyika. Sasa andika, watu wanasubiri."

Aliandika. Alikuwa mpiga chapa kweli, na hakukosea herufi hata moja.

"Hamjambo. Mimi ni mhazili wa chuo alichokitaja Jaji, tena ni mke wake. Kaniambia niandike kwamba mashine zilifanya kazi siku nzima. Si kweli. Mtandao ulikatika kutwa, sikumbuki mara ngapi, na kila ulipokatika nilitambaa chini ya meza za watahiniwa nikachomoa umeme kwa mkono. Kazi hazikupotea kwa sababu yangu mimi. Anayetaka kununua toleo la pili kwa ajili ya Linux, kwanza aangalie magoti ya mke wake."

Chini yake akaweka picha ya goti lake la kulia.

Simu ya Fundi ililia kwanza mara moja, kisha ikalia bila kupumzika. Akaiinua, akasoma, uso ukamshuka. Alibonyeza mara mbili kwa kidole gumba, na ng'ambo ya meza hiyo hiyo, simu ya mkewe ikaandika: "Jaji amekuondoa kwenye kundi."

Walikuwa wamekaa hatua moja baina yao. Mke aliyasoma maneno hayo, akamwinulia simu ili naye ayaone, ingawa ni yeye aliyeyafanya.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema Fundi. "Mimi nimejenga jina langu kule miaka yote. Mimi!"

"Na mimi kule kwenye mtihani sikuwa mbele ya watu?"

"Kesho nitakurudisha, mambo yakitulia. Utaandika kwamba ulikuwa na hasira."

"Usinirudishe."

"Amekufanya nini huyo?" aliuliza Bibi kutoka kitini kwake.

"Amenifukuza, mama."

"Nyumbani?"

"Kundini."

"Afadhali," alisema Bibi. "Nilidhani amepata ujasiri."

Simu ya mke ikalia. Ilikuwa namba asiyoijua. Alisikiliza kidogo, akajibu salamu, kisha akaiweka simu mezani kwenye spika ili sauti isikike kwa wote.

"Pole sana, dada," ilisema sauti ya mwanamume, ya upole kuliko alivyotarajia. "Ni mimi, wananiita Chumvi. Nilichukua namba yako kabla hujatolewa. Mtihani umebaki siku moja, sivyo? Kadi ninazo dukani kwangu. Nikija alfajiri na bisibisi, wakiingia watahiniwa tumeshamaliza."

"Asiguse mashine zangu," alisema Fundi.

"Si zako. Ni za chuo," mkewe alimjibu, kisha akainamia simu. "Njoo, kaka. Mkuu nampigia sasa hivi, namweleza yote kama yalivyo. Akinifukuza, anifukuze kwa kosa langu la kumdhamini mtu. La bodi hizi silibebi tena."

"Sawa, dada. Ila..." Chumvi alisita. "Jaji mwenyewe atakubali? Sitaki ugomvi na mtu."

Mke alimtazama mumewe. Alikuwa bado ameshika simu yake kwa mikono miwili, na ilikuwa bado inalia, watu wakicheka huko ndani mmoja baada ya mwingine.

"Atakubali," alisema. "Kule chini ya meza ni giza. Atakuja kutushikia tochi."